Usinyooshe Kabla Hujasoma: Ushauri kwa Mwanafunzi Anayekwenda Mafunzoni Kwenye Nyaraka za Chuo

Kila mwaka, mitihani ya mwisho wa muhula inapokwisha, wanafunzi wa vyuo vikuu hutawanyika kwenda mafunzo kwa vitendo. Wa ualimu huingia madarasani, wa sheria hupelekwa mahakamani, wa uhasibu hukaa kwenye halmashauri na benki. Wachache, hasa wa historia, ukutubi na utunzaji wa kumbukumbu, hupewa barua ya kuripoti kwenye chumba cha nyaraka cha chuo kikuu. Wengi wao huipokea barua hiyo kwa unyonge, kana kwamba wamepelekwa stoo kuhesabu vumbi.

Nami niliipokea hivyo. Nilikaa wiki nane katika chumba cha nyaraka cha chuo kikuu kimoja cha umma, na nilitoka humo mtu mwingine. Kabla ya hapo nilidhani historia imo vitabuni. Baadaye nilijua kwamba kila kitabu cha historia kilianza kama boksi ambalo mtu fulani alilitunza, na kwamba yapo mengi ambayo hayatakuwa kitabu kamwe kwa sababu boksi lake lilivurugwa na mtu mwenye nia njema. Nusura mtu huyo niwe mimi. Ndiyo maana naandika haya, mdogo wangu unayejiandaa kwenda.

Kosa langu la siku ya tatu

Siku ya tatu msimamizi wangu, mama mmoja aliyefanya kazi ya kumbukumbu tangu ujana wake, alinikabidhi boksi la karatasi za chama cha wanafunzi. Lilikuwa limeletwa na aliyekuwa katibu wa chama hicho zamani. Aliniambia nilipitie tu, niandike kilichomo. Mimi nikataka kuonyesha bidii. Nikaona barua ya Machi imekaa juu ya barua ya Januari, risiti imebanwa na muhtasari wa kikao, picha zimo ndani ya bahasha pamoja na kipeperushi. Nikang'oa pini zote zilizoshika kutu nikazitupa. Barua nikazipanga kwa tarehe, risiti nikaziweka peke yake, picha peke yake. Jioni nikamwita mama aje aone kazi safi.

Alisimama mezani kimya kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii picha ilikuwa na barua ipi?" Sikuwa na jibu. Akaniuliza risiti ile ililipia safari ipi. Sikuwa na jibu. Karatasi zote zilikuwepo mezani, hakuna iliyopotea, lakini nilikuwa nimeua habari zilizokuwa kati ya karatasi na karatasi. Katibu yule alipobana risiti na muhtasari kwa pini moja alikuwa anasema: fedha hizi zilitumika kwa uamuzi huu. Sentensi hiyo haikuandikwa popote. Iliandikwa na pini.

Kama karatasi zile zingekuwa zimetoka masijala, zingekuwa na nambari za folio na ningezirudisha mahali pake kwa saa moja. Lakini chama cha wanafunzi hakina masijala. Kilichotuokoa ni kutu. Kila pini ilikuwa imeacha doa la hudhurungi kwenye kila karatasi iliyoishika, na hakuna madoa mawili yaliyofanana sawasawa. Mama alinifundisha kuyalinganisha: umbo la doa, umbali wake kutoka ukingoni, ukolezi wa rangi kutoka karatasi ya juu hadi ya chini. Tulitumia karibu wiki mbili kuzirudisha, na zipo chache ambazo hatukuweza kuzipatia jamaa zake.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja, na ndiyo ushauri wangu mkubwa kwako: mpangilio ulioukuta ni sehemu ya waraka. Usiunyooshe kabla hujausoma. Wataalamu wa nyaraka walikubaliana jambo hili zamani. Ufaransa iliagiza mwaka 1841 kwamba karatasi za ofisi moja zikae pamoja zisichanganywe na za ofisi nyingine, na mwaka 1898 Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, walichapa mwongozo uliosisitiza kwamba mpangilio wa awali uheshimiwe. Ukilielewa hili kabla ya kwenda, umeshawatangulia wengi.

Kabla ya kuripoti

Jifunze historia ya chuo unachokwenda. Karatasi nyingi utakazokutana nazo hazina tarehe, na anayejua historia huzisoma umri wake kwa kutazama kichwa cha barua tu.

Chukua Dar es Salaam. Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria, chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, na kila chuo kati ya vitatu hivyo kikajitegemea. Kwa hiyo barua yenye jina la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki ni ya kati ya 1963 na 1970, hata kama aliyeiandika alisahau kuweka tarehe. Tena inakwambia kwamba jibu lake huenda limo Kampala au Nairobi, kwa sababu ofisi zilikuwa zikiandikiana.

Jina la nchi nalo ni saa. Waraka unaosema "Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar" ni wa miezi michache ya 1964, kati ya Muungano wa Aprili 26 na mwishoni mwa Oktoba, jina Tanzania lilipoanza rasmi. Vivyo hivyo, karatasi yenye jina TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ni ya kabla ya 2009, mwaka ilipoundwa TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Andika tarehe kama hizi kwenye kijitabu chako kabla ya siku ya kwanza. Kila chuo kina zake.

Beba pia vitu vyako vinne: penseli, raba, barakoa ya vumbi na daftari. Kalamu ya wino iache nyumbani. Doa la penseli hufutika. La wino litakaa kwenye waraka kuliko utakavyokaa wewe duniani.

Wiki ya kwanza: uliza, usiguse

Ukifika, salimia watu wote, kuanzia mhudumu anayefagia hadi mkuu wa kitengo. Nasema hivi kwa sababu ya kazi yenyewe, siyo adabu peke yake. Mhudumu ndiye anayejua bomba linavuja wapi mvua ikinyesha, na mara nyingi ndiye mtu pekee anayekumbuka kwamba yale maboksi ya kona ya kushoto yalitoka ofisi ya mlezi wa wanafunzi jengo lilipobomolewa. Habari hiyo, yaani waraka ulitoka wapi na ulipitia mikono ya nani, haimo ndani ya boksi. Imo kichwani mwa mtu, na mtu huyo atastaafu. Iandike kwa jina la ofisi, mwaka na aliyekusimulia.

Uliza mambo matatu. Kwanza, rejista ya mapokezi iko wapi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na chumba cha nyaraka kisicho na rejista ni hivyo hivyo. Pili, mwongozo wa utunzaji na uteketezaji unasemaje: karatasi zipi hukaa miaka mingapi, na zipi hukaa milele. Tatu, funguo na vifaa vya kuzimia moto viko wapi.

Hili la tatu usilidharau. Aprili 18, 2021 moto ulioteremka kutoka mlimani uliteketeza ukumbi wa Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na sehemu kubwa ya vitabu vyake kuhusu Afrika. Milango ya kuzuia moto ilijifunga ikaokoa maghala ya chini, lakini maji ya wazima moto yaliingia humo, na watu wa kujitolea wakalazimika kubeba makreti kwa makreti ya karatasi zilizolowa. Si wote waliobeba walikuwa wataalamu. Siku kama hiyo ikikukuta, kumbuka haya: karatasi zilizogandamana kwa maji usizibandue kwa nguvu, wala usizianike juani kama mahindi, maana jua huzifanya zikakamae na wino ufifie. Ziweke kivulini penye upepo wa feni, ukitenganisha kurasa kwa karatasi kavu inayofyonza maji. Ukungu huanza kuota ndani ya siku mbili, kwa hiyo zile usizoweza kuzishughulikia mara moja hugandishwa kwenye friza hadi zamu yake ifike.

Mikono, pini na unyevu

Kazi ya kila siku ni ya mikono. Ioshe kwa sabuni, ikaushe vizuri, usipake mafuta. Watu wengi hudhani lazima uvae glavu kwa kila kitu. Kwa karatasi, mkono safi mkavu ni bora, kwa sababu glavu ya kitambaa hukunyima hisia za vidole na unaweza kuchana ukurasa bila kujua. Glavu zivae unaposhika picha na negativu, ambazo jasho la kidole huziachia alama ya kudumu.

Pini, klipu na stepla zilizoshika kutu zinapaswa kutolewa, kwa sababu kutu hula karatasi. Lakini tazama nilivyofanya mimi, ukafanye kinyume. Kabla ya kutoa pini, hesabu karatasi ilizozishika, andika kwa penseli hafifu nyuma ya kila moja nambari yake katika fungu, kisha teleza kipande cha plastiki laini kati ya pini na karatasi ndipo uifungue polepole. Fungu likibaki bila pini, lizungushie karatasi moja iliyokunjwa iwe kama jaketi lake. Selotepu usiitumie hata kidogo. Leo inaunga, baada ya miaka gundi yake inageuka manjano, inapenya hadi kwenye maandishi, na haitoki tena.

Wanaofanyia mafunzo Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa wana adui mwingine ambaye wenzao wa Nairobi na Eldoret hawamjui kwa kiasi hicho, nao ni unyevu. Boksi lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta wa nje. Liache pengo hewa ipite. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni huleta madhara ya kwake, kwa sababu karatasi hutanuka na kusinyaa kila siku, na kinachoiua zaidi ni kupanda na kushuka huko. Kila asubuhi pita na tochi ukague pembe za ukuta. Ukiona kijia chembamba cha udongo kinapanda, mchwa ameshafika, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo. Na chai na andazi lako vinywewe na kuliwa nje, kwa maana makombo ndiyo mwaliko wa mende na panya.

Kuandika kilichomo

Ukishajua kushika, utafundishwa kueleza. Hapa ndipo mwanafunzi hung'aa au hufifia. Maelezo mabaya husema: "Barua mbalimbali." Maelezo mazuri husema ni barua za nani kwenda kwa nani, za kuanzia mwaka gani hadi upi, zinahusu nini, ni majalada mangapi, na zilitoka ofisi gani. Msomaji atakayekuja miaka thelathini baadaye hatakuwa na wewe wa kumuuliza. Mwandikie yeye.

Eleza pia sauti ambazo hazina muhuri. Chuo huhifadhi kwa urahisi barua za wakuu kwa sababu zilipita masijala. Za wanafunzi hupotea. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Mwaka 1969 wanafunzi wa Mlimani walianzisha jarida la Cheche, na mwaka uliofuata likapigwa marufuku. Atakayeandika habari za matukio kama hayo kwa kusoma majalada ya utawala peke yake ataandika upande mmoja. Upande wa pili umo kwenye vipeperushi, mihtasari ya vyama, mabango na picha za mitaani, vitu ambavyo mfagiaji asiyejua huvipeleka jalalani. Ukivikuta, vipe maelezo kwa uangalifu ule ule unaoupa muhtasari wa Seneti.

Na usijiamulie kwamba kitu ni takataka. Nchini Tanzania, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 hairuhusu kumbukumbu ya umma iteketezwe bila idhini, na vyuo vya umma vimo. Kazi yako ni kupendekeza na kuuliza.

Ukipewa skana, kumbuka kwamba kazi kubwa ni kuipa nakala jina, kuliko kubonyeza kitufe. Faili linaloitwa "skani 47" limepotea tayari. Liite kwa nambari ya boksi, jalada na ukurasa, kwa mtindo mmoja kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Nakala kuu iwe ya ubora usiopungua nukta 300 kwa inchi, na nakala ndogo ndiyo ya kuwapa wasomaji. Zihifadhi sehemu tatu, moja ikiwa nje ya jengo hilo. Na waraka halisi usitupwe eti kwa sababu umeshaskaniwa.

Siri ya mtungi

Utakutana na majina. Utaona matokeo ya mitihani, mashauri ya nidhamu, vyeti vya hospitali, barua za wazazi wakiomba watoto wao wasifukuzwe kwa kukosa ada. Siku moja nilifungua jalada la nidhamu nikaona jina la mtu ninayemheshimu sana leo. Nilisoma mstari mmoja, nikalifunga, nikamwambia mama jalada hili ni la nidhamu, liende upande wa yasiyofunguliwa kwa wasomaji. Sijamsimulia mtu yeyote kilichokuwemo, wala sitasimulia.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe ndiye kata. Usipige picha ya waraka kwa simu bila ruhusa, usiitume kwenye kundi la WhatsApp hata kama inachekesha, usitaje jina la mtu kwenye ripoti yako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mtu aliyeandika barua ya siri kwa mlezi wa wanafunzi alimwamini mlezi yule. Imani hiyo imekufikia wewe pamoja na karatasi.

Wiki ya mwisho

Andika daftari lako la mafunzo kila siku kabla hujatoka, usingoje Ijumaa. Andika kwa hesabu: maboksi mangapi uliyapitia, majalada mangapi uliyaeleza, nini kilikushinda. Andika na makosa. Niliandika kosa langu la siku ya tatu kwenye ripoti, pamoja na namna tulivyolirekebisha kwa madoa ya kutu, na mhadhiri aliyenisimamia aliniambia kwamba ukurasa huo ndio uliomwonyesha nimejifunza kazi. Kabla ya kuaga, mkabidhi msimamizi orodha ya mlipofikia, ili mwanafunzi wa mwaka unaofuata asianze upya.

Ukiipenda kazi hii, ipo. Kila wizara, halmashauri, hospitali ya rufaa na mahakama ina masijala, na kila masijala inahitaji mtu anayejua kwamba jalada lililopotea ni haki ya mtu iliyopotea: mafao ya mstaafu, hati ya kiwanja, kesi ya mjane. Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha, chuo cha ukutubi na nyaraka cha Bagamoyo kinafundisha, na vyuo vikuu kama Moi na Makerere navyo vinafundisha taaluma hii.

Hata usipoipenda, kuna deni moja utakalotoka nalo. Vyama vya wanafunzi wa leo havina pini wala bahasha. Mihtasari yao, michango yao, picha zao na mabishano yao yote yamo kwenye simu ya katibu mmoja. Simu hiyo ikiibiwa, au kundi lao la WhatsApp likifutwa baada ya mahafali, hakutabaki hata doa la kutu la kumsaidia mtu kuunganisha vipande. Kwa hiyo fanya jambo moja kabla hujavaa joho: wakusanye viongozi wa chama chako, chapisheni mihtasari yenu, andikeni nyuma ya kila picha ni nani na ni lini, fungeni pamoja vilivyokuwa pamoja, mvipeleke vyote kwenye chumba cha nyaraka cha chuo chenu. Kisha dai risiti ya mapokezi, na uitunze.